Filimbi ya Saa Moja Kasoro Robo

Kabla sijaendelea, nawashukuru wote walionitukana. Barua za wiki hii zimezidi za wiki zote. Dada mmoja ameniandikia kwamba angekuwa yeye ndiye mke wangu, angenitilia chumvi kwenye chai mpaka nikome. Dada yangu, mke wangu, mama Hasanthi, hajui kuwa ninaandika haya. Siku akijua, atatafuta kitu kikali kuliko chumvi.

Kwa mliochelewa kujiunga nasi: mimi ni Ariyapala, mtunza muda wa stendi ya mabasi ya Kahatagoda, mwaka wa ishirini na sita huu. Kazi yangu ni kukaa kibandani, kuandika basi gani limeingia saa ngapi, na kupuliza filimbi litoke.

Dereva wa stendi yetu hatoki kwa saa yake. Hatoki kwa kuwa basi limejaa, wala kwa kuwa abiria wamelalamika. Anatoka kwa filimbi yangu. Akizubaa dakika moja baada ya filimbi, basi la nyuma linakula abiria wake njiani, na ugomvi wao unakuja kumalizikia kibandani kwangu.

Mwaka huu tukaletewa treni ya asubuhi. Inatoka Ambepola, juu huko ninakoishi, inateremka mpaka Kahatagoda, stesheni inayotazamana na stendi yetu. Basi lilikuwa likitumia saa mbili kasoro kidogo kuteremka njia ile. Treni inatumia nusu saa. Lakini reli inakomea Kahatagoda. Anayekwenda Mahawela, kwenye hospitali kuu na viwanda vya nguo, lazima apande basi.

Kwa hiyo wakubwa wa usafiri walituita, tukanywa chai yao, tukakubaliana. Treni inaingia saa moja kasoro kumi. Basi la Mahawela linaondoka saa moja kasoro tano. Treni imlete mtu, basi limpokee, kila mmoja apate riziki yake. Hata mimi nilipiga makofi.

Wiki iliyopita niliwasimulia nilivyoyageuka makofi hayo. Tajiri Somaratne, mwenye mabasi manane ya Ambepola na Mahawela, alinifuata akanieleza kwamba abiria wa treni wakiachwa na basi kwa wiki mbili tatu, watarudi wenyewe kupanda mabasi yake kule kule Ambepola, kama zamani. Hakunipa hata senti. Alisema tu kwamba reli ikishika mji, hakuna atakayemhitaji mzee mwenye filimbi, saa ya ukutani ya stesheni itatosha.

Nikaionea wivu saa ya ukutani. Mtu mzima mimi, mwenye mvi. Nikaanza kupuliza filimbi saa moja kasoro robo, na kwenye karatasi nikawa naandika kasoro tano.

Na ndani ya treni ile, kila siku ya kazi, alikuwamo binti yangu Hasanthi, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili hospitali kuu ya Mahawela.

Nilijua. Hilo ndilo mlilonitukania, na mmenitukana kwa haki. Nilitaka afuatane nami kwa basi la saa kumi alfajiri. Akakataa kwa adabu: mama yake ana ugonjwa wa viungo, asubuhi vidole havishiki hata kijiko, na yeye ndiye anayemlisha na kumsuka nywele kabla ya kutoka. Treni ilimwezesha kufanya yote mawili. Nikasema moyoni, muache aachwe na basi siku moja, atajua treni si ya kutegemea. Siku za darasani aliwahi hata kwa basi la saa moja na nusu, ila siku ya zamu ya wodini akaachwa mara moja. Akaachwa mara ya pili. Na kanuni ya chuo chao ni kwamba ukichelewa zamu ya wodini mara tatu katika muhula, nafasi yako anapewa mwingine.

Dereva aliyemwacha mara zote mbili alikuwa Upul, mchumba wake.

Wasomaji, wiki iliyopita tuliachana pale Hasanthi alipoingia kibandani kwangu anahema, machozi yanamlengalenga, akaniuliza kwa nini Upul anajua yumo kwenye treni na bado anaondoa basi. Nikamjibu hivi: "Anakurupuka kabla ya filimbi, mwanangu. Vijana wa siku hizi wana pupa."

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Tangu yuko darasa la kwanza anajivunia kwa wenzake kwamba mabasi yote ya Kahatagoda yanamtii baba yake.

Siku mbili hakupokea simu ya Upul. Mama yake akaniuliza kuna nini, nikasema ni mambo ya vijana, yatapita. Akaguna. Mke wangu alimpenda Upul kuliko mimi nilivyompenda. Mnajimu alipozilinganisha nyota zao alipata alama kumi na saba kati ya ishirini, na mama Hasanthi aliitangaza kumi na saba ile mtaa mzima kana kwamba kafaulu mtihani yeye.

Siku ya tatu ilikuwa sikukuu ya mwezi mpevu, hakuna kazi. Tulikuwa tumerudi hekaluni, bado tumevaa nyeupe, Upul akapiga hodi. Na yeye kavaa nyeupe. Mikononi kashika fungu la majani ya tambuu, arobaini, mabichi, yamepangwa vizuri.

Nikaogopa. Kwetu tambuu haziletwi hivi hivi. Anayekuletea tambuu kwa mikono miwili amekuja kuomba radhi au kuomba baraka, na ukishazipokea huwezi tena kumrudisha mikono mitupu. Nikadhani ujanja wake ni huo: anipe tambuu, kisha aseme mbele ya mke na mtoto, mzee huyu ndiye mwenye filimbi.

Hakusema hivyo. Alinipa tambuu, akapiga magoti sakafuni, akainama mpaka paji la uso likagusa vidole vya miguu yangu.

"Baba," akasema, "nisamehe kwa kumwacha binti yako barabarani."

Jamani. Nimewahi kudhalilika katika maisha yangu. Nimewahi kupigwa kibao na kondakta mlevi mbele ya stendi nzima. Lakini sijawahi kuona aibu kama ile ya kuinamiwa na mtu asiye na kosa, akiniomba radhi kwa kosa langu.

Nilipaswa kumwinua. Nilipaswa kuinama mimi. Badala yake nikaweka mkono juu ya kichwa chake, nikasema maneno yanayosemwa siku zote: uishi miaka mingi, usipungukiwe. Mke wangu akafuta machozi ya furaha kwa mgongo wa kiganja. Hasanthi, aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia, akatoka na chai na kipande cha sukari guru, akamwekea Upul mezani.  Alikuwa ameichagua ile sahani nzuri.

Nilimsindikiza hadi langoni. Nikamuuliza kwa nini amefanya vile wakati ukweli anaujua.

"Ningefanyaje, baba? Nimwambie filimbi ni yako?"

"Ungemwambia. Nisingekulaumu."

Akatazama nyumbani kwetu, kisha akanitazama mimi. "Akinikosa mimi atapata mume mwingine. Baba atampata wapi?"

Nilikosa pa kuweka uso. Kijana wa miaka ishirini na saba ananilinda mimi kama mtu anavyomlinda mtoto asiungue.

Hakuniomba jambo kubwa. Aliniomba kesho nisipulize filimbi kabla ya wakati, dakika kumi tu, treni ifike. Akasema Hasanthi akichelewa mara ya tatu, hizi tambuu zitakuwa zimeletwa bure. Nikamuapia. Nilimuapia kwa marehemu mama yangu, ambaye hakuwahi kunisikia nikiapa uongo, na nilikuwa nimekusudia kweli.

Kumbe kesho yake kibandani kwangu kulikuwa na wageni.

Tajiri Somaratne alikuja na wenye mabasi wenzake wawili. Wakaleta viti vya plastiki, wakaagiza chai, wakakaa mlangoni kwangu, kila mmoja saa mkononi. Makondakta walikuwa wameanza kulalamika kwamba basi la Mahawela linatoka na viti vitupu, kwa hiyo Somaratne kaja kuwaonyesha wenzake namna treni inavyouawa pole pole. Maneno yake hayo, na aliyasema akitabasamu.

Ikafika saa moja kasoro robo. Upul yuko kwenye usukani, ameshawasha basi. Namuona kwenye kioo chake cha pembeni, naye ananiona.

Nikajifanya kuandika.

"Mzee wangu," Somaratne akasema, "saa yako imesimama au umesimama wewe?"

Wenzake wakacheka. Wauza chai wakacheka. Mpaka yule mwenda wazimu wa stendi, anayeniogopaga, naye akacheka. Ningeweza kusema ratiba ni kasoro tano. Maneno manne tu. Ratiba ya serikali imebandikwa juu ya kichwa changu, ina muhuri.

Nikapuliza.

Basi halikutoka. Nikapuliza tena, kwa nguvu, maana sasa watu walikuwa wanatazama. Upul akazima injini. Akaweka mikono yote miwili juu ya usukani, akatazama mbele kama mtu aliyepumzika. Kondakta wake akachungulia mlangoni, anatutazama huku na kule, hajui ashike lipi. Basi la nyuma likapiga honi. Nikapuliza mara ya tatu, na ya nne, na wasomaji wangu, sitawaficha, kufikia ya nne nilikuwa na hasira ya kweli. Miaka ishirini na sita hakuna dereva aliyewahi kunikalia pale. Nilisahau tambuu. Nilisahau kiapo. Nilipuliza mpaka mishipa ya shingo ikaniuma.

Na bado nilikuwa nikipuliza treni ilipoingia.

Watu wakamwagika kutoka stesheni. Hasanthi alikuwa wa mbele, viatu vyake vyeupe kavishika mkononi apate kukimbia. Alipoona basi lipo alisimama ghafla katikati ya barabara, akacheka peke yake. Kisha akavaa viatu taratibu, akapanda kama mtu mwenye basi lake.

Saa moja kasoro tano Upul akawasha, akaondoka. Basi lililokuwa likitoka na watu kumi na wawili siku ile lilitoka na watu hamsini na tisa. Niliwahesabu mimi. Mafundi wa viwandani, wauguzi, walimu, mama mmoja na ndoo ya samaki wa ziwani. Treni ilikuwa imemwaga mlangoni mwa Somaratne abiria ambao asingewapata hata kwa kuwabembeleza, na bila kuwafuata Ambepola kwa mafuta yake. Mfanyabiashara mwenye akili angefurahi. Yeye aliona shingo ngumu ya dereva tu.

"Mwandikie kwamba amekaidi filimbi," akaniambia. "Asimamishwe leo leo."

Nikajikakamua, nikamwambia kijana hajakosa, ametoka kwa ratiba.

Somaratne hakupandisha sauti. Huyo hapandishi sauti, ndiyo maana anaogopwa. Alisogeza kiti chake karibu na mimi. "Sawa. Kama dereva hakukosea kukaa, basi mtunza muda alikosea kupuliza. Na amekosea wiki tatu. Nani tumwandike, mzee wangu? Chagua wewe."

Nikamwandika Upul. Nikatia sahihi.

Jioni Hasanthi alirudi anaimba. Alimsimulia mama yake huku anamchua vidole: leo kanisubiri, mama, basi zima limekaa linanisubiri mimi. Akaniambia na mimi, umeona baba, amesikia maneno yako. Nikasema ndiyo, nimeona. Alimpigia Upul simu, wakazungumza mpaka wali ukapoa. Upul hakumwambia kwamba amesimamishwa. Najua hakumwambia, kwa sababu Hasanthi aliendelea kucheka.

Asubuhi iliyofuata basi la Mahawela halikuwa na dereva, kwa hiyo halikuwekwa zamu. Treni ikaingia saa moja kasoro kumi. Hasanthi akavuka barabara, hakukimbia safari hii, alikuwa na hakika. Akakuta nafasi tupu.

Akaja dirishani kwangu. "Baba, Upul yuko wapi?"

"Hakuja," nikasema.

Ilikuwa kweli. Nikajipongeza moyoni kwamba angalau sikusema uongo. Tazameni mtu alivyoweza kujidanganya.

Basi lililofuata lilikuwa la saa moja na nusu. Akafika wodini amechelewa mara ya tatu. Mchana ule ule alirudi nyumbani, sare yake kaikunja kwenye mfuko, akakaa kitandani kwa mama yake bila kuvua viatu. Mkuu wa wauguzi alikuwa amemhurumia. Alimpa mpaka Ijumaa: alete barua ya ofisi ya usafiri inayosema kosa halikuwa lake, na barua hiyo itaje chanzo. Ijumaa ikipita bila barua, nafasi inakwenda kwa mwingine, na haruhusiwi kuomba tena.

Mke wangu akaniambia, "Baba Hasanthi, wewe unajuana na watu wa stendi. Msaidie mtoto."

Nikasema nitaona la kufanya.

Hasanthi hakunisubiri nione. Alichukua daftari, akapita kwenye mabehewa ya treni kiti kwa kiti, akakusanya sahihi arobaini na moja za watu walioachwa kama yeye. Upul alipompigia simu, alimuuliza jambo moja tu: kwa nini hukuja? Nilikuwa nimeketi karibu. Sijui kijana alijibu nini, lakini lilikuwa jibu fupi. Hasanthi akakata simu, akaendelea kupiga mistari kwenye daftari kwa rula.

Alhamisi tukaitwa ukumbini.

Aliyesimamia kikao alikuwa Bi Wijekoon wa ofisi ya usafiri, mama mfupi, miwani kwenye ncha ya pua, mtu wa kuuliza na kunyamaza. Alieleza kwamba ameletewa mambo mawili. La kwanza, je, treni hii na mabasi haya vinaweza kusaidiana, au treni iondolewe, abiria warudi kwenye mabasi kama zamani. La pili, malalamiko ya abiria arobaini na moja, na ombi la barua la binti mmoja wa uuguzi.

Tajiri Somaratne akatangulia kusema. Aliisifia treni vizuri mpaka nikashangaa. Ila, akasema, Mungu kaumba reli na lami mbalimbali. Treni ina saa yake, basi lina shida zake, mara pancha, mara dereva mkaidi, na vikiunganishwa anayeumia ni mwananchi. Aliuma na kupuliza, akaketi.

Mama wa ndoo ya samaki akamjibu kutoka nyuma. Alisema siku moja basi liliisubiri treni, na siku hiyo samaki wake walifika sokoni wakiwa bado wanang'aa, akauza wote kabla ya saa tatu. Akauliza kama iliwezekana siku hiyo, kwa nini haiwezekani siku nyingine. Watu wakapiga makofi. Bi Wijekoon akaandika.

Kisha akainua karatasi zangu.

"Mzee Ariyapala, karatasi zako zinasema basi limetoka kasoro tano kila siku. Watu arobaini na moja wanasema kasoro robo. Wote hamuwezi kuwa wakweli."

Nikasimama.  Hasanthi alikuwa safu ya pili, kavaa sare yake, sijui kwa matumaini au kwa kuiaga. Upul alikuwa kasimama ukutani na madereva wenzake. Somaratne alikuwa anatazama kucha zake.

Nikajiambia hivi, na ninawaandikia kama nilivyojiambia: barua inataka chanzo. Nikimtaja dereva, barua inaandikwa leo, mtoto anarudi chuoni kesho. Upul ni kijana, atapata kazi mahali. Nilijipangia vizuri kabisa. Nilijiona baba anayeokoa mtoto.

"Nani aliliondoa basi kabla ya wakati?" Bi Wijekoon akauliza.

"Dereva," nikasema.

Akamgeukia Upul, akamuuliza kama ni kweli. Upul akajitenga na ukuta, akakunja mikono kifuani.

"Ni kweli, mama."

Bi Wijekoon akamwambia kwamba akisema hivyo leseni yake ya kubeba abiria itafutwa. Upul akasema anaelewa. Ukumbi ukaguna. Karani akaanza kuiandika barua ya Hasanthi pale pale. Nikakaa. Nikasema moyoni, limekwisha.

Hasanthi akasimama.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Aliomba karani asubiri. Akasema yeye ndiye aliyeleta malalamiko na barua anaihitaji, lakini kuna jambo linamsumbua. Siku ile basi liliposubiri, treni ikiwa bado haijasimama, alisikia filimbi ya stendi. Haikupigwa mara moja, ilipigwa mfululizo. Na dereva alikuwa amekaa tu.

"Sasa, kama Upul ndiye mwenye pupa," akasema, "ile filimbi ilikuwa inamfukuza nani?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Somaratne akaacha kucha zake. Na uso wa mwanangu, wasomaji, haukuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anatafuta. Alikuwa anatafuta mahali pa kumtoa Upul, na hakujua kwamba mlango pekee uliokuwapo ni mimi.

Kabla sijafungua kinywa, Upul akasema. "Ilikuwa ya basi la Nelugama, lililokuwa nyuma yangu. Baba alikuwa analiondoa hilo."

Uongo mtupu. Basi la Nelugama linatoka upande wa pili wa stendi. Dereva yeyote pale ukutani alijua, na wote walitazama chini.

Hasanthi hakumtazama Upul. Alinitazama mimi. Jibu la Upul halikumtosha, alitaka neno langu mimi.

"Baba, ni kweli?"

Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilikuwa bado sijavuliwa. Nilikuwa nimepewa nafasi ya kujivua mwenyewe, kwa adabu, na mtoto wangu, mbele ya watu ambao wangenihukumu wakamaliza. Neno moja tu. Upul angebaki na usukani wake, yeye angebaki na Upul, na barua ingeandikwa vile vile, ila jina lingekuwa langu. Hata chuo kisingejali ni jina la nani. Nililijua hilo. Nililijua nikiwa nimesimama.

"Ni kweli, mwanangu," nikasema. "Ilikuwa ya Nelugama."

Akaniamini.

Nililiona likitokea usoni mwake. Kile alichokuwa anakitafuta akaacha kukitafuta. Akamshukuru Bi Wijekoon, akasema barua iendelee kuandikwa. Kisha akapita kati ya viti, akaja mpaka nilipo, akavua pete ya uchumba kidoleni. Ilikuwa imembana, akaizungusha mara mbili ndipo ikatoka.

Hakumpelekea Upul. Kwetu uchumba hufungwa na wazazi, na ukivunjika, mwali harudishi pete kwa mkono wake. Baba ndiye huirudisha, mbele ya mashahidi, na kusema kosa la kijana ni lipi.

Akaniwekea kiganjani, akakikunja kiganja changu juu yake kwa mikono yake miwili.

"Mwambie wewe, baba," akasema. "Mimi siwezi."

Upul alikuwa hatua sita kutoka nilipo. Alikuwa ameshauona mkono wangu. Akasogea mbele ya wenzake, akanyoosha kiganja, akasubiri niseme kosa lake.